Sauti ya Pili

Posta waliileta Jumanne,
imefungwa nailoni ngumu kama roho ya mdai.
Niliichana kwa meno, kwa kisu, mwisho kwa matusi.
Pingu Moja. Dola sita na senti tisini.
Sinemani ilikaa wiki mbili, ikaondoka bila kuaga;
sasa imenifuata nyumbani, Toledo, Ohio,
theluji magotini, hita inakohoa.

Hadithi unaijua hata kama hujaiona:
askari wawili wasiopikika chungu kimoja.
Halloran hupiga pasi hata soksi.
Beech hula soseji juu ya ushahidi.
Dakika ya tisa wamefungwa pingu moja,
mkono kwa mkono,
na ufunguo kaumeza mbwa wa polisi.
Basi filamu nzima ni wao na mbwa,
wao na majambazi,
wao na mlango wa choo
usiopitisha watu wawili kwa heshima.
Magari yanapaa. Duka la keki linalipuka,
krimu inawanyeshea wenye hatia na wasio na hatia.

Nilicheka. Kicheko cha mtu mmoja sebuleni
hurudi kutoka ukutani kama hundi isiyo na pesa.

Kisha, chini kabisa ya menyu,
chini ya vipande vilivyokatwa na makosa ya kuchekesha,
nikakuta sauti ya pili:
waigizaji wenyewe wakiisimulia filamu yao inavyokwenda.
Na nyuma ya kava, kwa herufi za kumhitaji sisimizi:
vimerekodiwa kwa nyakati tofauti.

Walikuwa wamekosana. Juu ya pesa, sijui,
au jina la nani litangulie kwenye bango.
Beech akaja kwa spika ya kushoto,
Halloran kwa ya kulia,
katikati yao mimi na bakuli la bisi.
"Hapa aliteguka kidole," akasema wa kushoto,
"akanyamaza hadi tukamaliza. Jasiri yule."
Wa kulia hakujibu. Angejibuje?
Alisemea chumba kingine, mwezi mwingine,
alikuwa anaeleza habari za mbwa.
Ila duka la keki lilipolipuka
walicheka pamoja, sekunde ileile, pumzi ileile,
kila mmoja akidhani yuko peke yake.

Nikabonyeza rimoti nyuma. Tena. Tena.

Mimi na Szabo tulivuta magari mabovu miaka tisa,
lori moja, flaski moja ya kahawa,
yeye na redio yake ya mpira wa magongo,
mimi na dirisha langu lazima liwe wazi.
Tukakosana juu ya winchi.
Aliiuza bila kuniambia.
Au nilimwambia aiuze, nikasahau.
Kila mtu ana filamu yake.

Alfajiri niliandika anwani kwenye bahasha:
Szabo, Mtaa wa Genesee.
Barua sikuweka. Ningeandika nini,
kwamba kuna mbwa amemeza ufunguo?
Nikalamba gundi, nikaitumbukiza sandukuni
kabla miguu haijabadili nia.

Jumamosi simu ikalia.
"Odell." Hakuna salamu. Miaka sita, hakuna salamu.
"Umenitumia kava tupu, bwege wewe."

Niligeuka. Chini ya televisheni mashine iliwasha
kijitaa chake cha kijani, imeshiba,
diski bado tumboni.

"Basi nitakuletea," nikasema.
"Na flaski yangu uje nayo."
"Flaski ni yangu."
"Nilinunua mimi, Sandusky, mvua inanyesha."
"Mvua haikunyesha."
Tukabishana hivyo dakika arobaini,
yeye sikio la kushoto, mimi nikitafuta
kiatu cha pili chini ya kochi,
na theluji nje ikianza upya
bila kumuuliza mtu.